Howard Johnson: Mchuuzi wa aiskrimu aliyewalisha wasafiri wa Marekani

Na MWANDISHI WETU

MWANZONI mwa Oktoba 1957, Waziri wa Fedha wa Ghana, Komla Agbeli Gbedemah, alikatiza safari yake katika mji wa Dover, jimbo la Delaware nchini Marekani, akaingia katika mkahawa mmoja wa kando ya barabara kutafuta cha kukata kiu. Mkahawa huo ulikuwa umeezekwa paa la rangi ya machungwa. Waziri alikuwa ameandamana na katibu wake, Bill Sutherland, Mmarekani Mweusi aliyekuwa amehamia Ghana.

Wawili hao waliagiza juisi ya machungwa na kuilipia. Ndipo walipoelezwa kuwa wangeweza kuichukua waende nayo zao, ila hawangeruhusiwa kuketi mle ndani, kwa sababu watu wa rangi yao hawakuwa wakihudumiwa hapo. Waziri aliiacha juisi aliyoilipia akaondoka.

Habari hizo zilienea duniani kama moto wa nyikani. Ghana ilikuwa imejinyakulia uhuru miezi saba tu kabla ya hapo. Miongoni mwa wageni walioshuhudia bendera mpya ikipandishwa Accra mnamo Machi 6, 1957, alikuwemo Makamu wa Rais wa Marekani, Richard Nixon, na Gbedemah alikuwa mmoja wa wenyeji waliomkirimu. Mtu aliyemkaribisha makamu wa rais nyumbani kwake sasa alinyimwa kiti cha kunywea juisi. Rais Dwight Eisenhower alilazimika kuifuta aibu hiyo kwa kumwalika waziri kwa kiamshakinywa katika Ikulu ya White House, ambako pia walizungumzia bwawa la umeme la mto Volta ambalo serikali ya Kwame Nkrumah ilikuwa ikilitafutia fedha.

Jina lililoandikwa juu ya mkahawa ule wa Dover lilikuwa Howard Johnson. Msomaji wa Nairobi au Mombasa huenda hajapata kulisikia. Hata huko Marekani kwenyewe vijana wengi hawalijui. Hata hivyo, kwa takriban miaka 40, hapakuwa na Mmarekani mwenye gari asiyelifahamu. Lilikuwa jina la mtu aliyekuwa hai, aliyeanza maisha akiwa na deni lisilo lake, na aliyejipatia utajiri kwa kuuza aiskrimu.

Deni la baba

Howard Deering Johnson alizaliwa mjini Boston, jimbo la Massachusetts, Februari 2, 1897. Babake, John Hayes Johnson, alikuwa mfanyabiashara wa sigara kubwa za majani ya tumbaku, zile wanazovuta watu wa hirimu fulani wakiisha kushiba. Howard hakukaa shuleni sana. Aliacha masomo akiwa bado mvulana, akajiunga na babake katika biashara hiyo, na elimu yake iliyosalia aliipata mitaani, akibisha milango ya wenye maduka.

Vita Vikuu vya Kwanza vilimpeleka Ufaransa akiwa mwanajeshi. Aliporejea, alikuta mambo yamekwenda tenge. Vita hivyo hivyo vilikuwa vimewazoesha wanaume mamilioni kuvuta sigara ndogo za karatasi, ambazo ni rahisi na za haraka, na wanunuzi wa sigara kubwa walikuwa wakipungua mwaka baada ya mwaka. Babake alipofariki, urithi alioachiwa kijana huyo ulikuwa biashara iliyokuwa ikizama pamoja na deni la maelfu ya dola. Alijaribu kuinusuru, akashindwa. Biashara ilikufa, deni likabaki.

Mwaka wa 1925, akiwa na umri wa miaka 28, alikopa dola 2,000 akanunua duka dogo la dawa katika mtaa wa Wollaston, mjini Quincy, kusini mwa Boston. Ikumbukwe kwamba duka la dawa la Marekani la miaka hiyo halikuwa mahali pa kununulia tembe na kuondoka. Liliuza magazeti, peremende na tumbaku, na kando kulikuwa na meza ndefu ambapo wateja waliketi kunywa soda na kula aiskrimu. Isitoshe, tangu 1920 sheria ya Marekani ilikuwa imepiga marufuku uuzaji wa pombe kote nchini. Baa zilikuwa zimefungwa, na watu waliozoea kukutana penye vinywaji walihamia kwenye meza za soda.

Johnson alitambua haraka kwamba faida yake haikutoka kwenye dawa. Ilitoka kwenye meza ile.

Siri ya krimu

Duka hilo liliuza aiskrimu za ladha tatu tu: vanila, chokoleti na stroberi. Johnson alizionja akaona hazina maana. Ili kumwelewa mtu huyu, yafaa msomaji ajue jinsi aiskrimu inavyotengenezwa. Ni maziwa, krimu, sukari na kiambato cha ladha, vikikorogwa huku vikigandishwa. Lakini kuna kiungo kingine kisichotajwa sana, nacho ni hewa. Kadiri mchanganyiko unavyopigwa ndivyo hewa inavyoingia, na ndivyo lita moja ya maziwa inavyoweza kutoa aiskrimu nyingi zaidi. Muuzaji mjanja huuza hewa kwa bei ya krimu. Isitoshe, anaweza kupunguza mafuta ya maziwa, ambayo ndiyo ghali, na kuweka rangi na ladha za dukani badala ya tunda lenyewe.

Johnson alitenda kinyume. Aliteremka katika chumba cha chini ya duka akiwa na mashine ya kuzungusha kwa mkono, akaongeza mafuta ya maziwa hadi karibu maradufu ya kiwango kilichozoeleka, na akatumia viungo vya asili. Wapo wanaosema alifuata mapishi ya mamake, na wapo wanaosema aliyanunua kutoka kwa mzee mmoja Mjerumani aliyekuwa akiuza aiskrimu mtaani. Vyovyote iwavyo, watu walianza kutoka mitaa ya mbali kuja Wollaston. Ladha ziliongezeka moja baada ya nyingine hadi zikafika 28, idadi aliyoigeuza kuwa nembo ya biashara yake. Kampuni nyingine, Baskin-Robbins, baadaye ilikuja kumpiku kwa kutangaza ladha 31, moja kwa kila siku ya mwezi.

Wakati wa kiangazi alijenga vibanda kwenye fuo za Massachusetts, akauza koni za aiskrimu, soda na soseji zilizotiwa ndani ya mkate. Inasimuliwa kwamba siku moja ya joto kali waliuza koni 14,000 katika ufuo mmoja. Soseji nazo hakuziacha zichemshwe majini kama wachuuzi wengine walivyofanya. Alitaka zikaangwe kwa siagi, na mkate wake uokwe kwa siagi pia. Mtu huyu alikuwa na imani kubwa na siagi.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 mabenki ya Quincy yalikubali kumkopesha fedha za kufungua mkahawa kamili, katika jengo jipya la ghorofa kumi katikati ya mji. Na hapo ndipo bahati ilipomjia kutoka mahali ambapo hakuna mwenye mkahawa angeitafuta, yaani kwa meya aliyechukizwa na mchezo wa kuigiza.

Mchezo wa saa tano

Mwaka wa 1929 kundi la waigizaji kutoka New York lilipanga kuonyesha mjini Boston mchezo wa Eugene O'Neill uitwao Strange Interlude. Meya wa Boston, Malcolm Nichols, aliupiga marufuku kwa madai kwamba ulikiuka maadili. Waandalizi hawakupoteza wakati mahakamani. Waliuhamishia Quincy, nje kidogo ya mipaka ya mamlaka ya meya huyo, na kama ilivyo ada, marufuku iliwaongezea watazamaji.

Mchezo huo ulichukua karibu saa tano, hivyo ulikatizwa katikati ili watu wapate chajio. Mkahawa wa Johnson ulikuwa karibu na ukumbi. Jioni baada ya jioni, mawakili, madaktari na matajiri wa Boston waliingia kwake kwa mamia, wakala, wakaonja aiskrimu, wakarudi kumalizia mchezo na hatimaye wakaenda kuwahadithia wenzao. Tangazo la thamani hiyo hakuna pesa ambazo angeweza kulinunulia.

Furaha hiyo haikudumu. Oktoba mwaka huo soko la hisa la New York liliporomoka, uchumi wa dunia ukayumba, na ndoto ya Johnson ya kufungua mikahawa mingine ikagonga mwamba. Mabenki hayakuwa na la kumkopesha.

Ndiposa akabuni njia ya kukua pasi na pesa zake mwenyewe. Mnamo 1935 alimshawishi mtu waliyejuana, aliyekuwa na kiwanja katika mji wa Orleans kwenye rasi ya Cape Cod, ajenge mkahawa kwa gharama yake, lakini auite Howard Johnson's, aujenge kwa ramani ya Johnson, upike kwa kanuni za Johnson, na ununue aiskrimu na vyakula vyake kutoka kwa Johnson. Mwenye kiwanja angepata faida ya mauzo, na Johnson angepata faida ya kuuza bidhaa kwa mwenye kiwanja. Leo mikataba ya namna hiyo ya kukodisha jina imejaa duniani, na mikahawa mingi ya kuku na viazi tunayoiona katika miji yetu inaendeshwa hivyo hivyo. Wakati ule, katika biashara ya chakula, lilikuwa jambo geni.

Mkahawa wa Orleans ulifaulu. Kufikia mwisho wa 1936 mikahawa mingine 39 ya aina hiyo ilikuwa imefunguliwa. Mwaka wa 1939 ilikuwa 107, kandokando ya barabara kuu za pwani ya mashariki, na mapato yalikuwa yamefika dola milioni 10.5 kwa mwaka. Yote haya yalitukia katika muongo ambao Wamarekani mamilioni hawakuwa na kazi.

Paa linaloonekana kwa mbali

Johnson alikuwa ameelewa jambo moja kuhusu gari ambalo wenye mikahawa wa mijini hawakulielewa. Dereva anayekwenda kasi ana sekunde chache tu za kuamua kama atasimama au atapita. Hana wasaa wa kusoma kibao. Hivyo basi aliagiza mapaa yote yapakwe rangi ya machungwa iliyoiva, ili dereva aliye mbali auone mkahawa kabla hajaufikia. Juu ya paa paliwekwa kimnara cheupe, na kando yake nembo ya mwokaji mikate akiwa na mvulana na mbwa wake, wahusika wa wimbo wa watoto ambao kila Mwingereza na Mmarekani anaukumbuka.

Ndani, kila kitu kilikuwa kimeandikwa. Kampuni ilikuwa na kitabu cha kanuni ambacho wafanyakazi walikiita Biblia, kilichoeleza namna ya kumpokea mteja, namna ya kuvaa, na namna ya kupakua aiskrimu. Chakula kilitayarishwa katika majiko makuu ya kampuni, kikagandishwa au kufungashwa, kisha malori yakakisambaza. Mpishi wa kando ya barabara alikuwa na kazi ya kupasha moto na kukaanga tu. Mlaji wa Maine na mlaji wa Florida, walioachana kwa zaidi ya kilomita 2,000, walipata mlo ule ule.

Mfano mwema ni kombe, wale wanyama wa baharini wanaoishi ndani ya magamba mawili. Wenyeji wa pwani ya Massachusetts waliwala wakiwa wazima, matumbo na yote, jambo ambalo liliwakirihi Wamarekani wa bara. Ndugu wa ukoo wa Soffron, wa mji wa Ipswich, walikuwa wakikata nyama ngumu ya kombe wakubwa kuwa vipande virefu visivyo na tumbo. Johnson alivinunua, akavikaanga, akavipeleka kila palipokuwa na paa lake. Wamarekani ambao hawakuwahi kuiona bahari walijifunza kula kombe kwa njia hiyo.

Serikali ya jimbo la Pennsylvania ilipofungua barabara yake kuu ya kulipia mnamo Oktoba 1940, Johnson ndiye aliyepewa haki ya kuwalisha wasafiri wake. Barabara ya namna hiyo ni kama ua. Dereva akishaingia hatoki ovyo, na akishikwa na njaa hana pa kwenda ila palipowekwa. Baadaye alipata haki kama hizo katika barabara za Ohio na New Jersey, na mikahawa hiyo ndiyo iliyokuwa chemchemi ya faida yake kubwa.

Kisha vita vikaja tena. Marekani ilipojitosa katika Vita Vikuu vya Pili mwishoni mwa 1941, alikuwa na mikahawa ipatayo 200. Petroli, matairi, sukari na nyama viligawiwa kwa kadi. Hapakuwa na mtu wa kusafiri kwa starehe, na hata angekuwepo hapangekuwa na sukari ya kumtengenezea aiskrimu. Kufikia 1944 mikahawa iliyosalia wazi ilikuwa 12. Johnson, ambaye alikuwa amewahi kuona biashara ya babake ikifa, hakukaa kitako. Majiko yake makuu yaligeuzwa kuwapikia wafanyakazi wa viwanda vya silaha na makurutu wa jeshi. Chakula hakikuwa na fahari yoyote, lakini kampuni iliokoka.

Amani iliporudi, Wamarekani walinunua magari kwa pupa. Mwaka wa 1947 Johnson alianza ujenzi wa mikahawa mingine 200. Mnamo 1951 mauzo yalifikia dola milioni 115. Mwaka wa 1954 alikuwa na mikahawa 400 katika majimbo 32, na mwaka huo huo alifungua nyumba ya kwanza ya kulala wasafiri wa magari mjini Savannah, jimbo la Georgia.

Mlango uliofungwa

Savannah iko kusini. Kusini mwa Marekani, mwaka wa 1954, paa la machungwa halikuwa na maana moja kwa watu wote.

Wamarekani Weupe walilikumbuka paa hilo kama ishara ya likizo, ya baba akikubali hatimaye kusimamisha gari baada ya watoto kulilia aiskrimu. Familia ya Weusi iliyosafiri katika barabara hizo hizo ilifunga chakula nyumbani, ikabeba maji na blanketi, na ikaweka garini kijitabu kilichojulikana kama Green Book. Kijitabu hicho, kilichoanza kuchapishwa New York mwaka wa 1936, kiliwaorodheshea Weusi nyumba na mikahawa ambayo haingewafukuza. Katika mikahawa mingi ya kusini, ya Johnson ikiwemo, mlango ulikuwa umefungwa kwao au waliuziwa dirishani wakala nje.

Mgala muue na haki yake mpe: Johnson hakuutunga ubaguzi huo. Katika majimbo kadhaa sheria yenyewe iliuamuru, na hata palipokuwa hakuna amri, kama Delaware, sheria ilimruhusu mwenye mkahawa kumfukuza amtakaye. Majirani na washindani wake walifanya yayo hayo. Lakini mwandishi wa makala haya anaona ugumu kumwachilia kwa hoja hiyo. Huyu ni mtu aliyeamua jinsi soseji itakavyokatwa katika mkahawa ulio kilomita 1,000 kutoka ofisini mwake. Alikuwa na kauli juu ya siagi, juu ya rangi ya paa na juu ya sare ya mhudumu. Kitabu chake cha kanuni kilikuwa na nafasi ya kutosha kwa sentensi moja kuhusu ni nani anayestahili kuketi.

Fedheha ya Gbedemah haikuwa ya mwisho. Septemba 1959 ndege iliyowabeba wanafunzi 81 wa Kenya, katika mpango ulioongozwa na Tom Mboya, ilitua New York, na vijana hao walitawanyika katika vyuo vya nchi ambayo bado ilikuwa ikibishana iwapo wangeweza kula popote. Mnamo 1961 mabalozi wa nchi za Afrika zilizokuwa zimetoka tu kupata uhuru walifukuzwa mara kwa mara katika mikahawa ya barabara ya Maryland inayounganisha New York na Washington. Utawala wa John Kennedy ulijikuta ukituma maafisa wa itifaki kuwabembeleza wenye mikahawa, wasije wakaitia nchi aibu mbele ya mataifa.

Weusi wa Marekani walichoka kusubiri kubembelezewa. Mwaka wa 1962 shirika la CORE, lililotetea usawa wa raia, lilianzisha kampeni ya kuzifungua barabara kuu kwa watu wote, na mikahawa ya Howard Johnson, kwa kuwa ilikuwa kila mahali na ilitambulika upesi, ikawa shabaha yake kuu. Katika mji wa Durham, North Carolina, waandamanaji zaidi ya 1,000 waliandamana Agosti mwaka huo hadi kwenye mkahawa huo, wakiongozwa na James Farmer wa CORE na Roy Wilkins wa chama cha NAACP. Mei 1963 walirudi, wakajaza uwanja wa kuegeshea magari, wakaketi chini wakiimba, na polisi wakawakamata kwa mamia.

Hatimaye ilikuwa sheria iliyolimaliza jambo hilo. Sheria ya Haki za Kiraia, iliyotiwa sahihi na Rais Lyndon Johnson, asiye na udugu na mwenye aiskrimu, mnamo Julai 2, 1964, ilikataza mkahawa wowote uwahudumiao wasafiri kumbagua mteja kwa rangi yake.

Wapishi wawili Wafaransa

Wakati huo Howard Johnson hakuwa tena kwenye usukani. Mnamo 1959 alikuwa amemkabidhi urais wa kampuni mwanawe, Howard Brennan Johnson, aliyekuwa hajatimiza miaka 30 na ambaye, tofauti na babake, alikuwa amesomea Chuo Kikuu cha Yale. Mwaka wa 1961 kampuni iliuza hisa kwa umma kwa mara ya kwanza. Wakati huo ilikuwa na mikahawa 605 na nyumba za wageni 88. Mzee alisalia kuwa mwenyekiti na mweka hazina hadi 1964.

Kupenda kwake chakula hakukustaafu. Alikuwa mteja wa Le Pavillon, mkahawa wa Kifaransa uliosifika kuliko yote New York, na mnamo 1960 aliwachukua wapishi wake wawili, Pierre Franey na kijana Jacques Pépin, waje wasimamie majiko ya kampuni. Pépin alikuwa amewahi kumpikia Rais Charles de Gaulle, na wakati huo huo alipewa nafasi ya kuwa mpishi wa Ikulu ya Kennedy. Aliikataa, akaenda kwa Johnson.

Wengi waliona kioja, lakini kijana huyo alijua alichokifuata. Kwa miaka kumi alijifunza kupika mchuzi kwa mapipa badala ya sufuria, na kuhesabu vyakula kwa tani. Wafaransa hao waliondoa majarini wakarudisha siagi, wakaondoa vitunguu vilivyokaushwa wakaleta vibichi. Mzee Johnson alipenda kupita jikoni kuonja. Aidha, aliendelea na tabia yake ya tangu zamani ya kuzuru mikahawa bila taarifa, akiwa nyuma ya gari linaloendeshwa na dereva, akichungulia kama sakafu imepigwa deki na kama aiskrimu imepakuliwa ipasavyo.

Alioa mara nne aushini mwake. Alipenda mashua za kifahari na picha za wachoraji. Ila wote waliomjua walikubaliana kwamba hakuwa na mazungumzo mengine marefu kuliko ya chakula.

Umaarufu wa jina lake ulifika kilele katika miaka hiyo ya 1960. Filamu ya Stanley Kubrick ya 1968 kuhusu safari za anga ilionyesha kituo kinachoelea juu ya dunia, na ndani yake kulikuwa na mkahawa wa Howard Johnson. Watazamaji hawakushangaa. Iwapo binadamu wangekwenda mwezini, ni nani mwingine angewalisha njiani?

Kifo na yaliyofuata

Usiku wa kuamkia Juni 17, 1972, polisi wa Washington waliwanasa wanaume watano waliovunja ofisi za chama cha Democratic katika jengo la Watergate. Mwenzao aliyewekwa kupiga doria alikuwa ng'ambo ya barabara, akichungulia dirishani kutoka chumba nambari 723 cha nyumba ya wageni ya Howard Johnson. Kashfa iliyoanzia hapo ndiyo iliyomng'oa madarakani Rais Nixon, yule yule aliyekirimiwa na Gbedemah mjini Accra.

Siku tatu baada ya wezi hao kukamatwa, Juni 20, 1972, Howard Johnson aliaga dunia mjini New York akiwa na umri wa miaka 75. Alizikwa Milton, Massachusetts, si mbali na mtaa alikonunua duka lake la dawa.

Hakuishi kuyaona yaliyofuata. Mwishoni mwa 1973 nchi za Kiarabu zilizuia mafuta yao kwenda Marekani, foleni zikajaa kwenye vituo vya petroli, na kampuni iliyotegemea safari za magari kwa karibu mapato yake yote ikapigwa dafrau. Mwanawe alibana matumizi. Sehemu za chakula zilipungua, mikahawa ikachakaa, wahudumu wakawa wachache. Wakati huo huo McDonald's, iliyokuwa imekua chini ya Ray Kroc, mtu aliyetoka katika kuuza mashine za kukorogea maziwa baridi, ilikuwa ikitoa mlo kwa bei nafuu bila mhudumu wala sahani. Mteja wa Johnson aliketi akasubiri. Wa Kroc alikuwa ameshakula na kuondoka.

Mwaka wa 1979 familia ilikubali kuiuza kampuni kwa Imperial Group ya Uingereza, iliyokuwa ikimiliki viwanda vya sigara, kwa dola milioni 630. Kulikuwa na mikahawa zaidi ya 1,000 na nyumba za wageni zaidi ya 500. Waingereza hao waliikata tamaa upesi, na mnamo 1985 waliiuza kwa kampuni ya Marriott kwa dola milioni 314, yaani takriban nusu ya bei waliyolipa. Marriott ilitaka viwanja vilivyo kando ya barabara kuliko jina. Mikahawa mingi iligeuzwa kuwa ya majina mengine, na mapaa yakapakwa rangi upya.

Iliyosalia mikononi mwa wenye mikataba ilijikongoja. Ule wa Times Square, New York, ulifungwa 2005. Ule wa Bangor, Maine, ulihudumia mlo wake wa mwisho Septemba 2016. Ukabaki mmoja tu, katika mji wa kitalii wa Lake George, kaskazini mwa jimbo la New York, nao ukafunga milango yake 2022. Jina lenyewe, ambalo ni mali ya kampuni ya Wyndham, bado limo kwenye hoteli, lakini hoteli hizo haziuzi zile ladha 28.